Sproketi moja mbele kwa mpanda milima: hesabu meno kwanza

Kwa wewe uliyenunua baiskeli ya milima ya mtumba, yenye sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) tatu mbele, na sasa umesikia kwamba wenzako wanabakiza moja tu ili kupanda iwe rahisi: kabla hujashika spana wala kutoa hela, kaa chini uhesabu meno. Hesabu ya sproketi ndogo kuliko zote mbele, na ya kubwa kuliko zote nyuma. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma. Namba utakayoipata ndiyo inayoamua kama utafika juu ukiwa umekaa kwenye kiti au ukiwa unaikokota.

Namba hiyo inaeleza gurudumu la nyuma linazunguka mara ngapi kila unapokanyaga mzunguko mmoja wa pedali. Ikiwa ndogo, mguu unapata nafuu na mwendo unapungua. Baiskeli nyingi za gia 21 tunazoletewa zina sproketi za meno 42, 34 na 24 mbele, na nyuma zina 14 hadi 28. Gia yake nyepesi ni 24 kwa 28, yaani 0.86. Baiskeli bora kidogo, za gia 27, mara nyingi zina 42, 32 na 22 mbele, na 11 hadi 34 nyuma. Hapo unapata 22 kwa 34, sawa na 0.65. Hizo mbili zikipandishwa pamoja kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita zaidi ya 30 na takriban mita 1,000 za mwinuko, wapandaji wenye nguvu sawa wataachana kabla ya Soni. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika kwenye baiskeli ya tairi za inchi 26, gia ya 0.65 inakwenda kama kilomita 4.8 kwa saa. Ile ya 0.86 inakudai kilomita 6.4, na ukishindwa kuzifikia, miguu inazunguka polepole na magoti ndiyo yanayobeba mzigo wote.

Sasa angalia kinachowapata wengi. Mtu ana 22 kwa 34. Anang'oa sproketi zote tatu, anafunga moja ya meno 32, na nyuma anaweka kaseti, yaani fungu la sproketi za nyuma, ya 11 hadi 42. Inapendeza, kebo imebaki moja, mkono wa kushoto umepumzika. Lakini 32 kwa 42 ni 0.76. Ametumia pesa kuifanya baiskeli yake iwe nzito mlimani kuliko ilivyokuwa. Angefunga 30 mbele na 46 nyuma angebaki palepale, 0.65. Kaseti za meno 51, za gia 11 au 12, zinakupa 0.63 hata ukiwa na 32 mbele, ila bei yake inaweza kupita ya baiskeli nzima ya mtumba.

Sisemi kwamba mfumo huu haufai. Nauthamini sana. Tangu kampuni ya vipuri ya SRAM ilipotoa seti ya XX1 mwaka 2012, ikiwa na gia 11 nyuma na sproketi kubwa ya meno 42, baiskeli nyingi mpya za milima zimehamia huko, na kwa sababu nzuri. Gia 27 si gia 27 kweli. Ukiwa kwenye 42 mbele na 30 nyuma unapata 1.40, ukiwa kwenye 32 na 23 unapata 1.39. Mguu hauwezi kuzitofautisha. Halafu kwenye njia ya vumbi, mwinuko ukikuzukia ghafla baada ya kona, kushusha cheni mbele huku umeikandamiza kwa nguvu ndiko kunakoiangusha. Kwa sproketi moja unabonyeza kwa kidole gumba cha kulia tu, unaendelea. Mgeni wa milima anafaidika zaidi hapa, kwa sababu akili yake inabaki kwenye mawe na makorongo.

Mwenye gia 21 na mfuko mwepesi, anza na hatua ndogo. Iko friwili (fungu la sproketi za nyuma linalofungwa kwa nyuzi) ya gia 7 yenye meno 14 hadi 34. Ukiifunga badala ya ile ya 28, na dereila yako, yaani kifaa kinachohamisha cheni, ikiwa ya mkono mrefu inayokubali meno 34, unashuka kutoka 0.86 hadi 0.71 bila kugusa kitu mbele, ila angalia urefu wa cheni. Kati ya sproketi ya meno 24 na ya 34 kuna mruko mkubwa, utausikia mguuni, lakini mlimani utaushukuru. Wengine wataishia hapo, na wana haki.

Ukitaka kuendelea na kaseti kubwa, hakikisha kwanza gurudumu lako linaipokea. Vua gurudumu, tazama mahali kifaa cha kufungulia kinapoingia, kisha zungusha sproketi kinyumenyume. Sehemu hiyo ikizunguka pamoja na sproketi, una kaseti. Ikitulia wakati sproketi zinazunguka, hiyo ni friwili ya kufungwa kwa nyuzi, na kaseti haitakaa mpaka ubadilishe habu, yaani kitovu cha gurudumu. Muulize fundi bei ya gurudumu zima la nyuma. Mara nyingi ni nafuu kuliko kusuka upya spoku kwenye habu mpya.

Mbele, kagua kama sproketi zimefungwa kwa boliti au zimepigwa ripiti. Zenye ripiti hazibadiliki, utanunua krenki nzima, yaani mikono ya pedali pamoja na sproketi zake. Zenye boliti nne, pima kipenyo cha duara la matundu ya boliti. Milimita 104 ndicho kipimo cha kawaida kwenye baiskeli za milima. Kwa kipimo hicho sproketi ya kawaida haishuki chini ya meno 32. Ya 30 ipo, lakini imetengenezwa kivyake, nyuzi za boliti zimo ndani ya sproketi yenyewe. Nunua ile yenye jino nene na jino jembamba kwa kupokezana, kwa kuwa ndiyo inayoishika cheni bila dereila ya mbele. Ndiyo maana idadi ya meno yake huwa shufwa: 30, 32, 34. Ifunge pale ilipokuwa sproketi ya kati, ili cheni isipinde sana upande wowote, na utafute boliti fupi. Zile za zamani zilipita kwenye sproketi mbili, zikibana moja hazikazi.

Nyuma, usichanganye vitu ovyo. Shifta (kibadilishio cha gia cha mkononi) ya Shimano ya gia 9 na dereila ya milima ya gia 10 ya kampuni hiyohiyo hazivuti kebo kwa kipimo kimoja, na hakuna skrubu itakayozipatanisha. Ushauri wangu ni kununua shifta, dereila na kaseti kama seti. Kwa mwenye bajeti ya kati ninaipenda microSHIFT Advent: gia 9, kaseti ya 11 hadi 42, na dereila yenye klachi inayozuia cheni kupigapiga kwenye mashimo. Ukiifunga na sproketi ya 30 mbele unapata 0.71.

Cheni ipime baada ya kufunga vyote. Izungushe kwenye sproketi ya mbele na ile kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye dereila, tazama ncha zinapokutana, kisha ongeza pingili mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Ikiwa fupi, siku utakayoingia gia ya mlimani itavunja dereila. Kama una cheni ya zamani, iweke rula: pingili 24 za cheni mpya ni milimita 304.8. Zikifika 307 imekwisha, na itakula meno ya kaseti mpya.

Wenye baiskeli za inchi 29 waongeze hesabu moja. Gurudumu lao lina mzingo unaozidi ule wa inchi 26 kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo 0.65 yao inakanyagika kama 0.71. Kama unabeba mzigo nyuma, au uzito wako ni mkubwa, chagua sproketi ya mbele yenye meno mawili pungufu ya ile anayokushauri mwenye baiskeli ya mashindano. Utakachokosa ni mwendo wa tambarare: 30 kwa 11, ukizungusha mara 80 kwa dakika kwenye tairi za inchi 26, inakupa kama kilomita 27 kwa saa. Ukizidi hapo mteremko wenyewe unakubeba.

Siku chache za mwanzo kebo mpya italegea na gia zitaanza kusita kupanda kwenye meno makubwa. Zungusha kirekebishio cha kebo kinyume cha mwendo wa saa, nusu mzunguko kwa wakati, hadi cheni iruke bila kusita. Fanya hivyo kwenye kilima kifupi karibu na nyumbani, na zile sproketi tatu za zamani usizitupe mpaka umeuona mlima wako mrefu kwa gia hii mpya.