Eti kobalti ya Kolwezi inaruka ndani ya ndeke?

SWALI: Yambo sana muzee. Miye niko mwanafunzi wa mekanike hapa Lubumbashi, naishi Katuba. Yaya yangu ni kreza kule Kolwezi, anachimba madini kwa mikono, juzi alisema kobalti yetu inaingia mpaka kwenye moteri za ndeke. Miye nikakataa, nikasema ile ni ya betri za simu na motokari za umeme tu, tukawekeana kreti moja ya bia ya Simba. Nani ana haki? Na tena serikali ya Amerika inatafuta nini kwenye mambo ya moteri, si kazi ya makampuni hiyo? (Msomaji, Katuba)

JIBU: Yambo mwanangu. Anza kutafuta franka za kreti.

Ni kweli siku hizi betri ndiyo inakula kobalti nyingi, hapo hukukosea. Lakini moteri ya ndeke ilianza kuila zamani sana, kabla hata ya simu za mkononi. Ndani ya turbine kuna vile visu vinavyozunguka kwa kasi kali katika moto ambao joto lake linapita hata kiwango cha kuyeyusha chuma chenyewe, ndiyo maana wanavitoboa matundu madogo hewa ipite ivipoze. Na hatari siyo kuyeyuka tu, chuma kikikaa kwenye moto huku kinavutwa kinarefuka polepole, leo kidogo kesho kidogo, mpaka kisu kinagusa ukuta au kinakatika. Nikeli ikichanganywa na kobalti, kromu na vingine inavumilia hiyo shida.

Sasa serikali inaingia wapi? Kampuni inataka faida ya karibuni, na aloi mpya, yaani mchanganyiko mpya wa vyuma, inaweza kumaliza miaka mingi kabla haijaruka. NASA, shirika la serikali ya Amerika la mambo ya anga, wana maabara kwenye mji wa Cleveland, inaitwa Glenn, ilianza miaka ya 1940 kama maabara ya moteri za ndeke, zamani ikiitwa Lewis. Hao hao miaka ya 1950 walihangaika na hidrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, kitu cha baridi ya digrii 253 chini ya sifuri, watu wengi wakaona ni wazimu, halafu ikaja kusukuma sehemu za juu za roketi zilizopeleka watu mwezini.

Lakini kuna kisa kinachotuhusu sisi kabisa, na nashangaa mashuleni hapa hawakisemi. Mwaka 1978 vita viliingia Kolwezi, wazee wako watakuambia, wanajeshi wa Ufaransa wakashuka na parashuti, mafundi wa kigeni wakakimbia. Zaire ndiyo ilikuwa ya kwanza duniani kwa kobalti, basi bei ikaruka mara kadhaa na watengenezaji wa moteri wakashikwa na homa. NASA wakafungua programu nzima, COSAM, ya kutafuta namna ya kutumia kidogo hizo madini za kutoka mbali, kobalti ikiwa mbele. Waligundua kwamba kwenye aloi fulani unaweza kupunguza kobalti hata kwa nusu na chuma kikabaki na nguvu ya kutosha. Yaani masasi yalilia hapa Katanga, wanasayansi wa Cleveland wakaanza kujifunza kupika bila chumvi yetu!

Halafu angalia, mwaka 2022 maabara ileile ikatangaza aloi inaitwa GRX-810. Inachapwa na mashine ya leza tabaka juu ya tabaka, unga wake umepakwa chembe ndogo sana za oksidi ya itriamu, inavumilia zaidi ya digrii 1,090. Na chuma chenyewe ni nini? Nikeli, kromu na... kobalti, tena siyo ya kuonja, karibu theluthi moja. Wamezunguka wee, wamerudi palepale.

Kwa hiyo yaya yako ameshinda, ila akikuambia kila kilo anayochimba inaruka, mukatalie, nyingi inaenda kwenye betri vile ulivyosema. Mwombe akuachie hata chupa mbili.