Jibu: Kobe mdogo analala mchana kutwa, taa ya kawaida inatosha?

Habari ndugu. Nimekuelewa: kobe mchanga yuko kwenye boksi la kioo dirishani, hapo Nyegezi, anakula kidogo asubuhi kisha anajichimbia mpaka kesho.

Taa ya kawaida haitoshi, na dirisha nalo linakudanganya. Miale ya jua inayomtengenezea vitamini D karibu yote huishia kwenye kioo. Anabaki na mwanga na joto tu. Mbonyeze gamba taratibu. La mtoto hubonyea kidogo, ila likizidi kulegea badala ya kukaza, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mwanza jua tunalo bure, taa maalumu ya nini? Wangu namtoa saa mbili asubuhi kwenye beseni pana la plastiki lenye udongo, nusu nimelifunika gunia apate kivuli. Mwanzoni hutulia kama jiwe, halafu shingo inatoka, anazifuata nyasi. Saa sita mwingize ndani, ataungua. Na usiondoke: mwewe wa huku wanaiba hata samaki mkononi, seuze kobe wa ukubwa wa kiberiti.

Kujificha sana ni kawaida ya watoto. Usiku zima taa zote.