Jibu: Shela ya kukodi Dar au gauni la kushona hapa Mwanga, Kigoma?

Dada, hongera sana. Umesema shangazi zako wanataka ukodi shela pana kutoka Dar, wewe unataka gauni jepesi la kushona hapa Mwanga. Mimi nasema shona.

Fungua kabati lako kwanza. Ile nguo unayoivaa mpaka inapauka imekatwaje shingo, mikono, kiuno? Mpelekee fundi hiyohiyo, maana picha za kwenye simu zinaonyesha mwili wa mtu mwingine. Kama hujawahi kuacha mabega wazi ukajisikia vizuri, usianzie siku ya ndoa.

Halafu Desemba huku ni mvua, na udongo wetu mwekundu unaujua. Mkia mrefu utachafuka kabla hujafika ukumbini. Pindo liishie kwenye vifundo vya miguu, kitambaa kiwe shifoni au krepu laini.

Weupe nao si sharti. Ulienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na gauni jeupe mwaka 1840. Ukipenda rangi ya maziwa, vaa. Mimi ningeongeza mshipi wa kitenge cha Kongo, kinakupendeza mtu wa Kigoma kuliko shanga za kubandika.

Shangazi waombe wakuchagulie nguo ya sendofu, wasijione wametengwa. Na kabla fundi hajakata kitambaa chenyewe, ashone la majaribio kwa kitambaa cha bei rahisi. Livae na viatu vya siku hiyo, ukae, uinue mikono, ucheze.