Komeo Likiwa Upande Wangu

Wiki hii jarida limetuuliza wasomaji: "Ni hofu gani unayoishi nayo, na walio karibu nawe wangekusaidiaje?" Yangu ni hofu ya kufungiwa mahali finyu, ambayo wataalamu huiita klostrofobia. Nimeishi nayo tangu nikiwa msichana kule Marangu hadi leo ninapoishi Moshi mjini nikiwa mama wa watoto watatu, na kwa muda mrefu niliificha hata kwa mume wangu.

Wanaoniuliza hudhani kwamba ninaogopa udogo wa chumba, lakini sivyo. Bafu la nyumbani kwetu ni dogo kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, nami naoga humo kila siku bila wasiwasi wowote, kwa sababu komeo liko upande wangu. Kinachonitisha ni mahali ambapo kutoka kwangu kunategemea ridhaa ya mtu mwingine au ya mashine: lifti, chumba ambacho ufunguo anao mwenzangu, kiti cha nyuma cha Hiace iliyojaa. Nilifarijika sana nilipojifunza kwamba watafiti, akiwemo mwanasaikolojia Stanley Rachman, waliitenganisha hofu hii katika sehemu mbili, yaani hofu ya kukosa hewa na hofu ya kuzuiwa. Wapo wenye moja tu kati ya hizo na wapo wenye zote mbili. Yangu, kwa sehemu kubwa, ni ya kuzuiwa, na kulijua hilo kulinisaidia kuliko ushauri wote wa "jikaze" niliowahi kupewa.

Siku iliyonifanya niache kuficha ilikuwa siku ya safari ya kwenda nyumbani Marangu. Nilichelewa kufika stendi nikapata nafasi ya mwisho, nyuma kabisa dirishani, tukiwa wanne kwenye kiti cha watu watatu, na mbele yetu viti vya kukunja vimeteremshwa na watu wamekalia, kwa hiyo ili mimi nishuke ilibidi karibu nusu ya gari ishuke kwanza. Hatujafika hata Himo nilisikia moyo ukienda mbio, vidole vikafa ganzi, midomo ikawasha, nami nikawa na hakika kabisa kwamba ninakufa. Nilipiga kelele gari lisimamishwe. Konda alidhani nimeibiwa. Abiria mmoja, mama mtu mzima ambaye najua alinitakia mema, alisema kwamba nimepandwa na pepo, na wenzake wakanizunguka, wakanishika mabega na kuanza kuniombea. Mimi ni muumini na ninayaheshimu maombi, lakini kuzungukwa na kushikwa mabega ndicho kitu ambacho mwili wangu ulikuwa unakikimbia, na hali ikawa mbaya maradufu mpaka waliponiachia nishuke kando ya barabara.

Niliyoyasikia mwilini siku ile yana maelezo, na natamani kila konda na kila mwalimu ayafahamu. Ubongo ukihisi hatari huuamuru mwili ujiandae kukimbia, homoni ya adrenalini humwagwa kwenye damu, moyo hupiga haraka na mtu huanza kuhema. Kwa kuwa amekaa na hakimbii popote, kuhema huko humfanya atoe hewa ya kabonidayoksaidi kupita kiasi, na upungufu wake kwenye damu ndio huleta kizunguzungu, ganzi ya vidole na ile hisia ya kukosa pumzi, ilhali hewa ipo tele. Kilele cha hali hiyo hufika ndani ya dakika chache, kisha mwili huanza kutulia wenyewe. Tatizo ni kwamba mwenye hofu hukimbia kabla ya kutulia, na ubongo wake hubaki na somo la uongo kwamba aliokolewa na kukimbia. Hivyo ndivyo hofu inavyonenepa mwaka hadi mwaka.

Huko Marangu kuna jambo nililolifikiria sana. Wazee wetu Wachagga walichimba mapango chini ya ardhi kwa ajili ya kujificha wakati wa mashambulizi ya Wamasai, na wanaotembeza wageni hueleza jinsi familia zilivyoingia humo pamoja na chakula na mifugo, huku njia ya kuingilia ikiwa nyembamba ili adui apite mmoja mmoja na kukutana na mlinzi. Nilipokuwa mdogo nilijiona si mjukuu halali wa watu wale, maana wenzangu waliingia na mimi nikabaki juu migombani. Sasa naliona kwa namna nyingine: waliokuwa ndani ndio waliolinda mlango, na giza lile walilichagua wao. Mtoto anayefungiwa stoo kwa adhabu hana uchaguzi huo, nami nawaomba wazazi na walezi, kwa dhati kabisa, waiache adhabu hiyo.

Neno klostrofobia si geni kwa madaktari. Daktari Benjamin Ball alilitumia huko Ufaransa mwaka 1879. Tiba iliyonifaa mimi inatokana na njia ambayo Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliieleza mwaka 1958, ya kuikaribia hofu ngazi kwa ngazi huku mwili ukiwa umetulizwa. Mwanasaikolojia aliyenipokea alinianzisha na stoo ya nyumbani. Wiki ya kwanza nilikaa ndani mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umeegeshwa, kisha nimeufunga mwenyewe na ufunguo ninao mkononi, na mwisho ufunguo akiwa nao mume wangu nje. Kila mara nilitakiwa nisitoke hofu ikiwa juu, bali nikae nikishusha pumzi polepole mpaka ipungue. Ngazi ile ya mwisho ilinichukua miezi miwili, nami siioni kuwa ni mingi.

Jaribio kubwa lilikuja nilipougua mgongo nikahitaji kipimo cha MRI, yaani cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa mashine yenye sumaku kubwa. Mara ya kwanza, katika hospitali moja, nililazwa na kusukumwa ndani bila kuelezwa chochote, nikatoka mbio kipimo hakijaanza, na nikarudi nyumbani na maumivu yangu. Tundu la mashine hizo lina upana wa sentimita 60 hivi, au 70 kwa zile mpya zaidi, na mgonjwa anaweza kukaa humo nusu saa au zaidi akisikia mgongano mkubwa wa sauti. Mara ya pili, kwingine, muuguzi alinipa mpira mdogo wa kubinya akasema, "Mama, ukibinya tu tunakutoa, saa yoyote, hatukuulizi kwa nini." Dada yangu, baada ya kuvua kila kitu cha chuma, aliruhusiwa kusimama miguuni pangu. Sikuubinya mpira ule hata mara moja.

Basi kwa walio karibu nasi naomba mambo machache tu. Tuacheni tukae karibu na mlango bila kutuuliza maswali mbele ya watu. Hali ikitushika, tupisheni nafasi, semeni nasi kwa sauti ya chini, na msitushike mpaka tuombe kushikwa. Na mnapotuingiza mahali pa kufungwa, tuambieni mapema itachukua dakika ngapi na tutatokaje.

Desemba iliyopita, tulipokwenda nyumbani kwa Krismasi kama ilivyo desturi yetu, binti yangu wa mwisho aliomba tuingie pangoni. Nilimwomba kijana anayetembeza wageni asisimame mlangoni, naye akasogea bila kuhoji. Niliteremka mpaka pale ambapo mwanga wa juu bado unaonekana kidogo, moyo ukaanza mbio, nikaegemea ukuta wa udongo na kungoja. Binti yangu aliniuliza kama tutoke. Nilimwambia tungoje kwanza moyo utulie, na ulipotulia ndipo tukapanda juu.