Silikanti akinasa kwenye jarife tumfanyeje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mvuvi wa Kigombe, Tanga. Jarife letu, wavu wa papa, liliwahi kunasa silikanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu, tukampandisha akiwa hai, akafa kabla hatujafika pwani. Nyama yake ni mafuta matupu, ukila unaharisha. Sasa samaki haliwi wala hauzwi, analindwa kwa faida gani? Na tukimpata tena tumfanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kusema wazi, kwani wengi humtupa kimyakimya, na hivyo hatujui wanakufa wangapi.

Kutolika kwake ndiko kumemnusuru, maana hakuna anayekwenda baharini kumtafuta yeye. Anakufa kwenye jarife la papa. Hapa Tanzania alianza kunaswa mwaka 2003, nyavu zilipokuwa zikisogezwa kwenye kina kirefu baada ya samaki wa karibu kupungua. Baruti nayo ilikuwa imevunja matumbawe mengi ya Tanga. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikaanzishwa mwaka 2009.

Linaloniuma zaidi ni uzazi wake. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walisoma pete za magamba ya silikanti, kisha wakakadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, jike hakomai mpaka apite 50, na mimba hukaa kama miaka 5. Jike mzima mliyempandisha huenda alizaliwa kabla ya Uhuru. Pengo lake wewe hutaliona likizibwa, na pengine hata wanao. Ndiyo maana hata samaki wachache kwa mwaka ni hasara kubwa. Na ule mteremko wenye mapango anamojificha mchana ukiachwa bila jarife, chewa wakubwa nao watapona, na hao unawauza.

Sasa, kwa nini alikufa. Chewa akivutwa kutoka kinani, tumbo humtokea mdomoni kwa sababu ya hewa iliyofura ndani yake. Silikanti hana shida hiyo. Kifuko chake cha ndani, ambacho kwa chewa hujaa hewa, kimejaa mafuta. Kinachomuua ni joto na uchovu. Amezoea maji ya baridi, mita 100 na zaidi chini. Maji ya juu yana joto asilolizoea, naye keshachoka kwa kupigana na wavu. Kumfunga ubavuni mwa mashua ili afike pwani akiwa hai ni kumuua polepole.

Kwa hiyo kateni wavu hapohapo, msingoje kuufumua. Jicho la jarife hushonwa, mwanangu. Msimwingize chomboni. Mwachieni pale pale penye kina, kichwa kikielekea chini, tena upesi. Hakuna wa kukuahidi kwamba atapona, lakini huko chini ndiko kwenye baridi yake.

Akiwa amekwisha kufa, msimtupe wala msimkate. Mtu akija na pesa, kataeni. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umepiga marufuku biashara yake kati ya nchi na nchi. Mpelekeni ofisi ya hifadhi, mkieleza mlitega wapi, kina gani na saa ngapi. Kama mna simu, mpigeni picha ubavu wa kulia na wa kushoto: yale madoa meupe hayafanani kwa samaki wawili, na kwayo watafiti humtambua mmoja mmoja.