Mume wangu zimamoto, usiku halali
SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu ni zimamoto hapa Dar, tangu watoe maiti za watoto kwenye nyumba iliyoungua ni miezi mitatu sasa, anashtuka usiku, harufu ya mishkaki tu inamnyanyua mezani, na pombe kaanza. Nikimwambia aende kwa mtaalamu anasema yeye sio chizi. Nifanyeje? Mama wawili, Temeke.

JIBU: Marahaba mama. Wiki za mwanzo ni kawaida, ila ukipita mwezi na hali ni hiyohiyo tunaanza kufikiria PTSD, yaani mshtuko wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, na inatibika. Kuna tiba ya maongezi, anasimulia tukio kidogo kidogo kwa mtaalamu mpaka linapungua makali, na kuna EMDR, anakumbuka tukio huku macho yanafuata kidole cha mtaalamu, unaweza kudhani ni kiinimacho lakini WHO waliipendekeza tangu 2013. Nyumbani msimlazimishe kusimulia, na vidonge vya usingizi bila daktari hapana. Muhimbili wana kitengo cha afya ya akili. Akigoma, tafuta mwenzie wa kikosini anayemheshimu aongee naye, hawa watu wa kombati husikilizana wenyewe kwa wenyewe (sisi wa makoti meupe baadaye). Akitaja kufa usisubiri, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.