Simu Nyuma ya Chetezo

Tulikuwa tumepanga chumba cha uani, Ngamiani, hapa Tanga. Usiku ule niliinuka kuongeza udi, na nyuma ya chetezo nikaiona simu ya mume wangu imeegemezwa kopo la losheni, kamera inatazama kitanda. Kioo kinahesabu: dakika ya 17 na sekunde zake.

Nilichofanya ndicho ninachokukataza. Niliifuta ile video, nikaipiga simu ukutani, nikalia mpaka alfajiri. Ushahidi wangu niliuua kwa mkono wangu.

Shangazi aliniambia, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Huyo ni mumeo." Namheshimu shangazi, lakini kombe lenyewe alikuwa nalo mwanaharamu. Wiki tatu baadaye, nimesharudi kwetu Makorora, ukaingia ujumbe: nirudi nyumbani, la sivyo video nyingine alizonazo zitaingia kwenye magrupu ya WhatsApp. Kumbe haikuwa mara ya kwanza.

Safari hii sikufuta hata nukta. Nilipiga skrinishoti zenye namba yake na tarehe, na mazungumzo yenyewe nikayaacha simuni. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu mahakama kupokea ushahidi wa namna hiyo, ila watataka kujua umetoka wapi, kwa hiyo simu yenyewe usiiuze wala kuiflashi.

Cheti cha ndoa si kibali cha kurekodi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, na wake za watu wamo. Lakini meno makali yako kwenye kutisha na kusambaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23: kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha au kumlazimisha, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kusambaza ponografia, kifungu cha 14, faini inaanzia milioni 20, au jela kuanzia miaka 7, au vyote viwili. Shoga yako anayeipokea na kuirusha grupu jingine "ili watu wajue" anajitia kitanzi hichohicho. Wewe pia usimtumie mtu, hata wa kukuonea huruma.

Kituoni, askari wa kaunta alitaka "aione kwanza hiyo video". Nilikataa, nikaomba Dawati la Jinsia na Watoto. Huko afande wa kike alifunga mlango, akaandika maelezo yangu taratibu, nikatoka na namba ya RB, yaani ya taarifa yangu pale polisi. Kama huna hela ya wakili, tafuta wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua na huduma yao ni bure.

Mume wangu alipoitwa kuhojiwa alikana kurekodi chochote. Simu ya zamani iko wapi? Akaninyooshea kidole: "Muulizeni yeye, aliivunja." Afande akanigeukia. Nikafungua simu yangu, nikamwekea mezani ule ujumbe.